Gari Aliloliacha Mtalaka Wako: Namna ya Kulihifadhi, Kulidai na Kulitoa Uani

Ndoa ivunjikapo, nguo hukunjwa zikatiwa sandukuni, vyombo hugawanywa mbele ya mashangazi, na hata godoro hupata mtu wa kulibeba. Lakini gari, kwa sababu ya uzito wake na kwa sababu ya karatasi zilizofungamana nalo, aghalabu hubaki pale pale lilipoegeshwa, likipigwa na jua na kudondokewa na majani ya mwembe, ilhali mwenyewe amekwisha kuhamia Mwanza au Dodoma na simu hapokei. Mwezi wa kwanza jambo hilo halionekani kuwa taabu. Ufikapo mwezi wa sita mwenye nyumba analalamika, panya wamezaa chini ya boneti, mjumbe anauliza gari ni la nani, na shemeji mmoja mwenye ulimi mtamu anakunong'oneza kwamba yuko mnunuzi wa spea atakayelichukua usiku, bila maswali.

Usimsikilize shemeji huyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Tanzania Bara aliyeachiwa gari, pikipiki au bajaji kwa namna hiyo, awe mke au mume, awe alifunga ndoa ya dini, ya serikali au ya kimila, au aliishi na mwenzake pasipo hati yoyote. Aliye Zanzibar au Kenya atakuta neno lake mbele kidogo.

Ufunguo, kadi na stahiki

Husuma nyingi za namna hii huzaliwa na kuchanganya mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni ufunguo: aliye na ufunguo na gari uani mwake ana uangalizi tu, na katika mila ya pwani, kama katika fikihi, kitu kilichobaki mikononi mwako bila ya mwenyewe kukuhibia ni amana, nayo amana haiuzwi wala haichezewi. La pili ni kadi, yaani hati ya usajili itolewayo na Mamlaka ya Mapato, TRA: hiyo humtaja anayeweza kutia sahihi ya kuhamisha umiliki. La tatu ni stahiki, nayo ni fungu alilo nalo kila mmoja katika mali iliyochumwa pamoja, hata kama jina lake halimo kadini.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayagusa yote mawili ya mwisho. Kifungu cha 60 kinasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vingine; ikiwa ni kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa mafungu yao ni sawa. Kifungu cha 114 nacho kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi ya pamoja, kwa kutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Na Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango nazo. Kwa hiyo mke aliyepika na kulea watoto wakati mume akilipia gari si mgeni katika gari hilo, na mume aliyelipa matengenezo ya gari lenye jina la mkewe si mgeni vilevile.

Walioishi pamoja bila ya kufunga ndoa hawakuachwa nje moja kwa moja: kifungu cha 160 kinawadhania kuwa ni mke na mume waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na wakajulikana hivyo na watu, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Jina la nani limo kadini?

Hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake ndilo litakalokuonyesha njia.

*Likiwa lako.* Huhitaji idhini ya mtu kulihamisha gari na kulitengeneza, lakini usilifanyie haraka ya kuliuza maadamu mgawanyo wa mali haujakamilika, kwa kuwa mwenzako anaweza kudai fungu lake katika thamani uliyoipokea. Fauka ya hayo, madeni yote ya gari hilo yanakutazama wewe, hata yale yaliyofanywa na yeye akiwa kwenye usukani.

*Likiwa lake.* Wewe ni mwangalizi. Huna mamlaka ya kuuza, kukodisha, kung'oa kifaa, wala kutia sahihi kwa niaba yake. Na kuiga sahihi yake katika mkataba wa mauziano ni kughushi, kosa ambalo huruma ya hakimu kwa machozi yako hailifuti.

*Likiwa la mtu wa tatu.* Hapa natua kidogo, kwa sababu hali hii ni ya kawaida kwetu kuliko watu wanavyokiri. Gari hununuliwa kwa mkataba ulioandikwa kwa wakili, fedha zikahesabiwa, funguo zikatolewa, kadi ikakabidhiwa, kisha mnunuzi akaona uvivu au gharama ya kubadilisha jina, naye akaliuza tena kwa mwingine kwa namna ile ile. Hata siku ya talaka kadi inamtaja mtu ambaye hakuna kati yenu aliyepata kumwona. Katika hali hiyo tafuta kila mkataba katika mnyororo huo, kuanzia aliyetajwa kadini mpaka kwa mtalaka wako, maana TRA haitaruka pete moja ya mnyororo kwa sababu ya masikitiko yako. Mtafute muuzaji wa kwanza angali hai na angali anakumbuka. Akifariki, utakuwa unashughulika na msimamizi wa mirathi yake, na safari yako itarefuka sana.

*Likiwa la kampuni, au kadi ikiwa benki.* Usifanye lolote bila ya kuwauliza kwa maandishi. Hadhari na mikopo ya mitaani vilevile: wako waliokwisha kuweka kadi rehani kwa mkopeshaji wasimwambie mke wala mume, na siku moja hutokea watu na gari la kuvuta wakidai chao. Wakija, waombe mkataba wa mkopo na kitambulisho, mpigie mwenyekiti wa mtaa, wala usiwafungulie lango kwa maneno matupu.

Hatua kwa hatua

1. Liandike kabla hujaligusa. Mwite mjumbe au jirani mwenye heshima, mlizunguke gari pamoja mchana, mlipige picha pande zote, ndani, chini ya boneti na kwenye buti. Andika namba ya gari, namba ya chesesi, namba ya injini na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Taja kila dosari: kioo kilichopasuka, taa ya nyuma iliyovunjika, saiti mira isiyokuwapo. Orodhesha vilivyomo, tangu jeki na tairi la akiba mpaka kanzu iliyoning'inizwa nyuma. Tieni sahihi nyote wawili pamoja na tarehe. Karatasi hii moja itakukinga siku mwenyewe atakapodai kwamba aliacha redio mpya na tairi nne za dukani.

Ukikuta ndani silaha, dawa za kulevya au kitu kingine cha shaka, funga mlango, usikiguse wala usikihamishe, uwaite polisi ukiwa na shahidi.

2. Tafuta madeni yaliyojificha. Kwa namba ya gari unaweza kuangalia katika mfumo wa Polisi wa faini za barabarani kama kuna deni, na katika mfumo wa TARURA kama kuna ada ya maegesho isiyolipwa, ambayo katika miji hupanda kimya kimya gari likiachwa kando ya barabara. Angalia na bima: stika huhakikiwa kwa mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, basi mtu akikudai hiyo kwa miaka ya karibuni, ujue anakuchezea.

3. Usiliendeshe. Sheria inalazimisha gari litiapo gurudumu barabarani liwe na bima, walau bima ndogo ya kumlinda mtu mwingine. Ukimgonga mtoto wa watu kwa gari lisilo lako na lisilo na bima, shari ya talaka itaonekana ndogo. Likilazimika kuhamishwa, kwa mfano mwenye nyumba amekataa katakata, livutwe kwa gari la kuvuta mpaka mahali penye mlinzi. Chukua risiti, na siku ile ile umwarifu mwenyewe lilipo.

4. Lihifadhi lisioze. Mwangalizi hatakiwi kuligeuza jipya, ila asiache liharibike kwa uzembe. Chomoa waya wa hasi wa betri kwanza, kisha wa chanya; betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6, nayo ikiachwa imefungwa hunyonywa na saa na kengele ya wizi mpaka ikafa. Legeza breki ya mkono na uweke vigingi chini ya magurudumu, kwani breki iliyobanwa kwa miezi katika hewa ya chumvi ya Tanga au Kigamboni hushikana na kutu. Likikaa muda mrefu, fundi aliinue, aliweke juu ya mawe imara, ili tairi zisibonyee upande mmoja. Petroli iliyolala tangini kwa miezi mingi huharibika, hivyo lisiwashwe tena mpaka fundi ameiona. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake huua bila harufu ya kukuamsha.

Mwaga na maji yanayotuama katika tairi la akiba lililotupwa uani na katika turubai. Dar es Salaam ilipopatwa na homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, mbu wa ugonjwa huo walizaliana katika vidimbwi vidogo kama hivyo.

5. Andika ilani. Wako wasemao kwamba simu imetosha. Haitoshi, kwa sababu simu haiachi alama ya maneno yenyewe, na siku ya mbele ya hakimu kila mtu hukumbuka lake. Kama mna watoto na bado kuna staha, tanguliza mzee wa upande wake au mshenga aliyewaoza, maana Baba Fulani anayemkatia simu mama wa watoto wake huenda akamsikiliza mjomba. Lakini mzee akisharudi, na jibu liwe lolote, barua iandikwe. Mfano wake ni huu:

> Kwa: ______ (jina kamili kama lilivyo kadini)
> Tarehe: ______
> YAH: GARI NAMBA T ______
>
> Baada ya salamu, nakuarifu kwamba gari lililotajwa hapo juu, aina ya ______, rangi ______, lenye namba ya chesesi ______, uliloliacha nyumbani kwangu mtaa wa ______ tangu tarehe ______, lingalipo na limehifadhiwa. Kwa barua hii sidai kuwa ni langu peke yangu, wala siachi haki yangu yoyote juu yake.
>
> Nakuomba, ndani ya siku 30 tangu uipokeapo barua hii, ufanye mojawapo ya haya: uje ulichukue mbele ya mashahidi, umtume mtu kwa maandishi yenye sahihi yako, au unijulishe siku ya kukutana mbele ya ______ tuafikiane.
>
> Gharama nilizozitumia kulihifadhi mpaka leo ni shilingi ______, na risiti ninazo. Muhula ukipita pasi na jibu, nitalifikisha jambo hili mbele ya baraza au mahakama.
>
> Sahihi, jina, simu na jina la shahidi.

Siku 30 si amri ya sheria, bali ni muhula wa busara ambao hakimu hatauona kuwa ni wa kumvizia mtu. Ipeleke barua kwa njia mbili: kwa mkono au kwa EMS ya Posta yenye risiti, na kwa WhatsApp. Ujumbe wa simu hukubalika kuwa ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, basi usifute mazungumzo, wala usiiuze simu hiyo.

6. Afikianeni, kisha andikeni. Akijibu, usimkabidhi ufunguo kwa furaha tu. Andikeni hati fupi: nani anachukua gari, nani anabeba madeni, gharama za uhifadhi zinalipwa vipi, na kama mmoja anamlipa mwenzake fungu, ni kiasi gani na lini. Akilichukua, litokee mbele ya mashahidi wawili, na atie sahihi kwenye ile orodha ya hatua ya 1. Kama mtalaka wako ni mtu wa mikono, usionane naye peke yako kabisa. Mkutano ufanyike ofisi ya serikali ya mtaa, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto ambalo kazi yake ni kushughulikia ukatili wa namna hiyo.

7. Asipojibu, nenda barazani na mahakamani. Hapa wengi hujikwaa. Karatasi ya talaka iliyoandikwa na sheikhe, au kikao cha wazee kilichokula biriani na kutawanyika, haigawi mali kwa nguvu ya sheria. Uwezo wa kifungu cha 114 huenda pamoja na amri ya mahakama ya talaka au ya kutengana. Njia ya kawaida ni kuanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini iliyoidhinishwa, na likishindwa kuwapatanisha litoe hati ya kusema hivyo. Kwa hati hiyo unafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ukilitaja gari kwa namba zake zote. Katika Dar es Salaam kuna Kituo Jumuishi cha Temeke cha mashauri ya mirathi na familia, kilichoanza kazi mwaka 2021. Ukihofu kwamba atakuja kulinyakua au kuliuza kabla ya hukumu, omba amri ya zuio mapema.

Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada huo, na taasisi kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiwasaidia watu wa hali hiyo kwa miaka mingi.

8. Hamisha jina. Mkiafikiana liwe lako, au mahakama ikiamua hivyo, usilale. TRA itataka kadi ya asili, mkataba wa mauziano au hati ya zawadi (au hukumu, likiwa limeamuliwa mahakamani), vitambulisho na namba za TIN, pamoja na ada zake, ambazo hubadilika, hivyo ziulize siku hiyo hiyo. Kadi ikipotea, mwenye jina ndiye aendaye polisi kutoa taarifa ya upotevu na kuomba kadi nyingine. Na gari likiwa limekufa kabisa, limebaki la wauza vyuma chakavu, ni yeye vilevile aombaye usajili ufutwe. Kulikatakata kwanza na kuuliza baadaye kunaliacha jina hai kwenye vitabu na deni likiendelea kuitafuta namba.

Makosa yanayowaponza wengi

- Kulishika gari rehani mpaka alipe matunzo ya watoto. Matunzo ni haki ya mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na yana mlango wake kwa Ustawi wa Jamii na mahakamani. Ukiyafunga pamoja na gari, unampa yeye kisingizio na wewe unajipa kesi.
- Kutoboa tairi, kumwaga sukari tangini, au kupasua kioo kwa ghadhabu. Kuharibu mali kwa makusudi ni jinai, hata mali ikiwa yako nusu.
- Kumwachia fundi "alitumie kidogo ili lisife". Baada ya mwezi utalikuta linafanya kazi ya taksi.
- Kuuza betri "ili nifidie gharama". Fidia hudaiwa kwa risiti.
- Kulikabidhi kwa nduguye aliyekuja na salamu bila ya barua.

Kwa aliye Zanzibar au Kenya

Zanzibar haitumii Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na mashauri ya ndoa ya Waislamu husikilizwa katika Mahakama za Kadhi; hatua za kuandika, kuhifadhi na kutoa ilani hazibadiliki. Nchini Kenya usajili na uhamishaji wa umiliki uko chini ya NTSA, na mali ya ndoa inaongozwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, ambayo inahesabu malezi ya watoto na kazi za nyumbani kuwa ni mchango.

Faili lako liwe na haya

☐ Orodha ya gari na vilivyomo, yenye sahihi ya shahidi
☐ Picha zenye tarehe
☐ Nakala ya kadi, na mikataba yote ya mauziano iliyopita
☐ Taarifa za faini, maegesho na bima
☐ Risiti za uhifadhi, hata ile ndogo ya kuhamisha betri
☐ Nakala ya ilani na uthibitisho wa kuifikisha
☐ Hati ya Baraza, ikiwa umefika huko

Kama gari liko uani mwako sasa hivi na barua hujaiandika, iandike leo jioni. Siku 30 hazianzi kuhesabiwa mpaka imfikie.